Alejandro Posadas: Kifua Kilichopasuliwa Juani

Mwaka 1892, jijini Buenos Aires, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 21 alichapisha makala kuhusu mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukuwa na jina. Mgonjwa alikuwa askari wa jeshi la Argentina, mwenye vidonda vya usoni na mwilini ambavyo havikuwa vinapona. Mwanafunzi alikata kipande kidogo cha kidonda, akakiweka chini ya darubini, akaona viduara vyenye ukuta mnene ambavyo hakuna aliyekuwa amevieleza kabla yake. Mwalimu wake wa patholojia, Robert Wernicke, naye akachapisha habari zilezile kwa Kijerumani mwaka huohuo. Hadi leo kuna vitabu vinavyouita ugonjwa ule kwa majina yao wawili, Posadas na Wernicke, mwanafunzi akitangulia.

Sasa hebu tuwe wakweli. Miaka 21 au 22 ndio umri wetu hapa chuoni. Wengi wetu tunahesabu siku za boom kuingia, tunasaka desa la mwaka juzi, tunaomba Mungu supu isituguse. Siandiki hivi ili kumsema mtu, maana na mimi nimo. Naandika kwa sababu nilipoanza kusoma habari za Alejandro Posadas nilidhani nitakutana na mzee mwenye ndevu nyeupe kama wale wa kwenye vitabu, kumbe nakutana na kijana ambaye hakuwahi kuzeeka. Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1870, akafa tarehe 21 Novemba 1902. Piga hesabu mwenyewe.

Kuhusu vile viduara, Posadas na Wernicke walidhani ni wadudu wa seli moja, ndugu wa wale wanaoleta malaria. Haikuwa hivyo. Mwaka 1900 watafiti wa California walionyesha kwamba ni fangasi. Lakini kumwona, kumchora, kumwambukiza kwa wanyama na kuthibitisha kwamba ndiye mwenye kuleta vidonda, hiyo kazi kijana wa Buenos Aires alikuwa ameshaimaliza. Tasnifu yake ya mwaka 1894 ilikuwa juu ya mgonjwa yuleyule. Hakumtumia askari kupata maksi halafu akahamia kwingine. Askari alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikahifadhiwa kwenye makumbusho ya kitivo cha udaktari. Hilo la kichwa sijalipenda, nalisema tu kama lilivyo.

Ila fangasi siyo sababu ya mimi kukalia kiti cha maktaba kwa wiki nzima. Sababu ni kondoo.

Posadas alizaliwa Saladillo, mji mdogo kwenye tambarare za mkoa wa Buenos Aires. Ni nchi ya nyasi hadi macho yachoke. Katika karne ya 19 tambarare zile zilijaa kondoo kwa mamilioni, sufu ikisafirishwa kwenda kwenye viwanda vya Ulaya. Penye kondoo pana mchungaji, na penye mchungaji pana mbwa. Kondoo akichinjwa, nyama wanakula watu. Ini au pafu likionekana lina mapuvumapuvu yaliyojaa maji, nani alile? Anatupiwa mbwa. Hapo ndipo mduara unapofungwa.

Niliwahi kufundisha minyoo bapa nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na ninaweza kuhakikisha kwamba huyu tegu ndiye anayewashangaza wanafunzi kuliko tegu wa ng'ombe na wa nguruwe. Yule wa ng'ombe anaweza kufika mita kadhaa. Huyu akiwa mkubwa ana milimita 3 hadi 6, yaani ukimtandika juu ya punje ya mchele hajaimaliza. Anakaa kwenye utumbo wa mbwa kwa raha zake na mbwa haonekani kuumwa. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaenea kwenye nyasi, maji, manyoya ya mbwa na mikono ya anayemshika. Kondoo akila nyasi anayameza. Mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa naye anayameza. Yai likifika tumboni linaangua, kidudu kinatoboa utumbo, kinaingia kwenye damu, na damu ya utumboni kituo chake cha kwanza ni ini. Vingi vinanaswa hapo. Vinavyoponyoka vinasukumwa hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana vifuko vya hidatidi vinapatikana zaidi kwenye ini, kisha kwenye mapafu.

Kifuko hakina haraka. Kinakua kwa miezi na miaka, kutoka kichwa cha pini hadi ukubwa wa chungwa, na wakati mwingine kichwa cha mtoto. Ndani kuna maji meupe safi, utadhani ya chemchemi. Kuta zake ni mbili kwa maana ya mpasuaji. Ya ndani ni ya mdudu mwenyewe, nyeupe na laini kama ute wa yai lililochemshwa. Ya nje si ya mdudu, ni kovu ambalo mwili wa mgonjwa umejijengea ili kumzungushia uzio huyo mgeni. Kumbukeni hizo kuta mbili.

Mwenye kifuko kwenye ini anaweza kukaa miaka akidhani anaota kitambi upande mmoja. Mwenye kifuko kwenye pafu anakohoa, anachomwa ubavuni, na siku kikipasukia kwenye njia ya hewa anakohoa maji ya chumvi na vipande vya ngozi nyeupe. Kikipasukia ndani ya mwili, maji yale yanaweza kumuua kwa mshtuko wa mzio. Asipokufa, yale machembe madogo yanayoelea ndani, ambayo kila moja ni kichwa cha tegu mtarajiwa, yanaweza kuota upya kila yanapotua. Félix Dévé wa Rouen, Ufaransa, alilionyesha jambo hilo kwa majaribio mwaka 1901. Kwa hiyo mpasuaji ana kazi ya kutoa mfuko wa maji bila kumwaga maji. Jaribuni kubeba puto lililojaa maji ndani ya gunia la misumari mtaelewa.

Posadas alipohitimu, dawa ya kumeza haikuwepo. Kilichokuwepo ni kisu. Na njia iliyotumika sana ilikuwa hii: unafungua kifuko, unashona kingo zake kwenye ngozi ya mgonjwa, unaacha shimo wazi ili likauke lenyewe. Halikauki kesho. Mgonjwa wa ini angeweza kuvuja nyongo na usaha kwa miezi, amelala na mpira ubavuni, wadudu wa nje wakiingia watakavyo. Wengine waliponea, wengine walikauka wao kabla ya shimo.

Madaktari wachache wa nchi mbalimbali walianza kujiuliza kwa nini shimo liachwe wazi. Posadas alikuwa mmoja wao, na kwa Argentina ndiye aliyelishika jambo hili kwa nguvu, kuanzia kama mwaka 1895. Njia yake ilikuwa rahisi kuisimulia. Toa maji kwa uangalifu, vuta ule ukuta wa ndani mweupe utoke wote, kisha liache lile kovu la nje mahali pake, lishone, funga, usiweke mpira. Kama kifuko ni kisafi, hakijaingia usaha, hakuna sababu ya kumwachia mgonjwa dirisha. Lile kovu ni mwili wake mwenyewe, halina kosa. Ukilazimisha kulibandua unachana mishipa ya ini au vijia vya hewa vya pafu bila faida. Binafsi naona akili yake ilikuwa hapo: alijua kipi ni cha mdudu na kipi ni cha mtu.

Kwenye ini hilo lilihitaji ujasiri. Kwenye pafu lilihitaji kitu zaidi, kwa sababu kifua kina sheria yake. Pafu halijashikizwa kwenye mbavu kwa gundi, limekaa limetanuka kwa sababu nafasi kati yake na ukuta wa kifua haina hewa. Toboa ukuta huo, hewa ya nje inaingia, na pafu linanywea kama mpira uliotobolewa. Mgonjwa aliye kwenye nusukaputi ya klorofomu, hana bomba kooni wala mashine ya kumpumulia, anaweza kufa mikononi mwako kwa dakika chache. Chumba cha Ferdinand Sauerbruch cha kudhibiti shinikizo la hewa kilikuja mwaka 1904. Kupuliza hewa kupitia bomba la kooni kulikuja miaka michache baada ya hapo. Posadas hakuwa na hata kimoja. Wapasuaji wengi wa zama zake walikiacha kifua kama kilivyo, na huwezi kuwalaumu.

Alichofanya yeye ni kulinasa pafu kabla halijakimbia. Alikata mbavu kufungua mlango ubavuni, na mara tu kifua kilipofunguka alilishika pafu, akalivuta hadi kwenye jeraha, akalishikiza kwa nyuzi kwenye kingo za mlango ule. Pafu lenyewe likawa kizibo. Hewa haina pa kupita, mgonjwa anaendelea kupumua, na mpasuaji ana kipande cha pafu chenye kifuko mbele ya macho yake, kimetulia. Hapo anakata, anatoa, anashona. Hakuna mashine. Ni vidole, uzi na kasi. Nilipomweleza rafiki yangu tunayelala naye chumba kimoja, ambaye anasoma uhandisi, alinyamaza kidogo kisha akasema huyo bwana alitakiwa kuwa fundi. Nadhani alikuwa fundi.

Tunajuaje aliyafanya kweli, tena kwa mikono ipi? Kwa sababu tunaweza kumwona. Mwishoni kabisa mwa karne ya 19, sinema ikiwa haijatimiza hata miaka 5 duniani, Posadas alimkubali mpiga picha Mfaransa aliyeishi Buenos Aires, Eugenio Py, aje na kamera yake kwenye Hospitali ya Clínicas, hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu. Kamera za wakati ule zilitaka mwanga mwingi mno, taa za ndani hazikutosha. Basi operesheni ikafanyika nje, uani, juani. Mgonjwa akalazwa mezani chini ya anga, klorofomu ikatolewa, na Posadas akatoa kifuko cha hidatidi kwenye pafu huku kamera ikizungushwa kwa mkono. Filamu ile haina rangi wala sauti, na ni ya dakika chache. Imebaki hadi leo, na ni miongoni mwa filamu za kale zaidi za upasuaji zilizosalia ulimwenguni.

Ukiitazama kwa macho ya sasa utashtuka. Mikono haina glavu, nyuso hazina barakoa, masharubu yapo wazi juu ya kidonda. Ndio desturi ilivyokuwa. Lakini ukishazoea, kinachobaki ni mikono. Haisitisiti. Inakwenda pale inapotakiwa, inarudi, inakwenda tena, na wasaidizi wanajua kabla ya kuambiwa.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo nitazungumza kama mwalimu. Posadas alikuwa tayari mkuu wa kliniki ya upasuaji. Angeweza kuwasomea wanafunzi hatua za operesheni, wao wakaandika, wakazirudisha kwenye mtihani. Tunaijua njia hiyo vizuri sana, wengine tumelelewa nayo tangu darasa la kwanza. Kwenye shule moja nilikokaa wiki nane, wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa na mchoro mzuri wa tegu kwenye madaftari yao, umenakiliwa ubaoni hadi kivuli cha ndoano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kushika darubini. Iliyokuwepo ilikuwa imefungiwa kabatini isivunjike. Sasa mlinganishe na mtu anayetoa meza ya operesheni nje ili kamera ione. Alijiweka mahali ambapo akikosea, kosa litaonekana, tena si kwa wanafunzi waliokuwepo siku ile tu. Ndani ya wodi daktari angeweza kusema lolote kuhusu alivyopasua. Kwenye filamu hawezi.

Nimesikia hoja nyingine, na sitaipuuza. Kuna dada mmoja wa darasa letu alisema kwamba yule mgonjwa hakuulizwa, kwamba wagonjwa wa hospitali za kufundishia siku hizo walikuwa maskini, na kwamba kila mtu anajua jina la aliyeshika kisu ila si la aliyelala. Ana haki. Ni kama kile kichwa cha askari kilichobaki kwenye makumbusho. Mtu anaweza kuwa mwalimu hodari na bado zama zake zikamfundisha kutazama mwili wa maskini kama ubao wa kuandikia. Mimi sioni kwamba la pili linafuta la kwanza, wala la kwanza halifuti la pili. Tulibishana hadi mama lishe akafunga.

Mengine aliyofanya nitayapitia haraka. Kuna mvunjiko wa mfupa wa mkono karibu na kiwiko unaobeba jina lake. Filamu ilibeba na operesheni yake nyingine, ya ngiri. Aliandika, alifundisha, alipasua, yote ndani ya miaka isiyofika 10 tangu tasnifu yake. Halafu akaanza kukohoa yeye.

Ilikuwa kifua kikuu. Mwaka 1902 kifua kikuu hakikuwa na dawa. Streptomaisini ilikuja miaka ya 1940. Mtu aliyejua kulishikilia pafu la mwenzake lisinywee hakuwa na la kufanya kuhusu la kwake. Alikwenda Ulaya, akafia Paris akiwa na miaka 31, mwezi mmoja na siku chache kabla ya kutimiza 32. Nyumbani kwao hawakumsahau. Hospitali kubwa ya taifa nje kidogo ya Buenos Aires inaitwa kwa jina lake, na wapasuaji wa Argentina waliomfuata waliendelea na kazi ya hidatidi hadi nchi yao ikawa mojawapo ya zile ambazo dunia nzima ilizisikiliza kwenye jambo hili.

Mtu ataniuliza, hayo ya Argentina yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imewahi kupimwa na kuonekana kuwa na kiwango cha ugonjwa huu miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania upo pia. Ukiangalia maisha ya huko unaiona Saladillo ileile, mifugo, mbwa na maji ya shida. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Turkana walisubiri mpasuaji aje na ndege ndogo ya AMREF. Kisha miaka ya 1980 vikaja vidonge vya albendazoli, ambavyo kwa baadhi ya watu vinaua au kunywesha kifuko. Ikaja na njia ya kukichoma kifuko cha ini kwa sindano huku daktari akikitazama kwa mashine ya altrasaundi, anafyonza maji, anaingiza dawa ya kuua vichwa, anafyonza tena. Hiyo haifanywi kwenye pafu. Kifuko kikubwa cha pafu bado kinataka kisu, na kisu hicho, pamoja na nusukaputi yote ya kisasa, bado mara nyingi kinatoa ukuta wa mdudu na kuacha ukuta wa mtu.

Kinachonisumbua ni kwamba sehemu ngumu kabisa ya habari hii haikuhitaji Posadas. Iceland ilikuwa na ugonjwa huu kupita kiasi. Miaka ya 1860 Harald Krabbe, Mdenmark, alikwenda huko kuchunguza mbwa, akaandika kijitabu cha kueleza tegu anavyozunguka, kikatolewa kwa lugha ya watu wa pale wenyewe na kugawiwa majumbani. Sheria ya mbwa ikafuata mwaka 1869. Matumbo yakaanza kuzikwa au kuchomwa badala ya kutupiwa mbwa. Haikuwa kazi ya siku moja, ila ugonjwa ulikwisha kisiwani. Wakati Posadas anazaliwa, dawa hiyo ya karatasi ilikuwa tayari imeshachapishwa. Na bado miaka 25 baadaye yeye alikuwa anafungua vifua Buenos Aires, kimoja baada ya kingine.

Turkana nako programu iliyoanza mwaka 1983 haikupeleka wapasuaji peke yao. Ilipeleka watu wa kukaa na kina mama na wachungaji kuzungumza habari za mbwa, na ikapeleka vidonge vya prazikwanteli kwa ajili ya mbwa wenyewe. Mayai ya tegu huyu huanza kutoka kama wiki 6 baada ya mbwa kula kifuko, kwa hiyo mbwa anayepewa kidonge kila baada ya wiki 6 hapati muda wa kuyamwaga. Kazi yenyewe ni kumkamata mbwa wa watu asiyependa kukamatwa, kumfungua mdomo, kusubiri ameze, kisha kwenda boma la pili, ambako mwenye mbwa atakuuliza tangu lini mbwa akaumwa naye anakimbia hivyo.